Mti Usio na Kazi

Nimefanya kazi na Bwana Kornelio miaka kumi na miwili katika kitalu cha miche cha serikali, na miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akimaliza kikombe cha chai. Anapiga mafunda mawili, anaweka kikombe juu ya tofali, anaondoka kwenda kutazama kitu. Nikija kuosha vyombo navikuta vikombe vyake vimetapakaa kitalu kizima, kimoja penye miche ya mijohoro, kingine ukingoni mwa tangi la maji, vyote vimejaa sisimizi. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Alinijibu kwamba chai haikimbii. Kweli haikimbii. Yeye ndiye aliyekuwa akikimbia, ila ilinichukua muda kujua anakimbia nini.

Mimi naitwa Tabu, Mzaramo wa huku huku Temeke. Niliajiriwa kitaluni mwaka 1963 kumwagilia miche. Yeye alikuwa Mmakua wa Masasi, mkulima wa bustani ya misheni, aliyekuja Dar es Salaam mwaka ule wa Uhuru na sanduku la bati na jembe lake mwenyewe, kana kwamba mjini hakuna majembe. Cheti hakuwa nacho. Lakini kila ilipojengwa shule au zahanati au ofisi ya chama, kuanzia Kinondoni hadi Mtoni, wahandisi waliitwa mwanzo, mafundi wakafuata, na mwisho wa yote, fedha zikiwa zimekwisha, aliitwa Kornelio aje "aweke maua."

Neno hilo lilimuudhi kuliko tusi. "Maua weka mezani," alikuwa akiniambia tukiwa njiani, yeye kwenye baiskeli na mimi nimepakiwa nyuma, miche mapajani. "Huku nje niulize mtu atapita wapi, atakaa wapi, maji yataenda wapi. Hayo yakishajulikana, mti wenyewe utajipanda."

Ile zahanati mpya ya Temeke, ya mwaka 1971, ndiyo iliyonifundisha alichokuwa akimaanisha. Ofisini walitupatia ramani. Ilikuwa na njia iliyonyooka kutoka getini hadi mlangoni, na mbele ya mlango maduara mawili ya mawaridi. Kornelio aliitazama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, na sikuiona tena. Badala ya kuchimba, alingoja mvua. Ilipokuja ya masika alinipeleka tukasimama katikati ya kiwanja kitupu asubuhi nzima, tumelowa hadi mifupani, tukitazama maji yanavyoshuka. Nilimwambia wazi kwamba sikuajiriwa kunyeshewa. Hakunisikia. Alikuwa akitembea huku na huku akichomeka vijiti kila maji yalipotuama na kila yalipokata udongo.

Baada ya mvua alitazama miguu. Ile njia iliyonyooka ya ramani haikupitwa na mtu, maana kina mama hawakuwa wakitoka upande wa geti kubwa. Walikuja kutoka kwenye bomba la maji, wakakata kiwanja mshazari. Wiki tatu tu, majani yalikuwa yamekufa mstari mzima. Kornelio akamwaga kokoto juu ya mstari ule ule, akasema njia imeshachorwa na wenyewe. Mkubwa wetu ofisini alipouliza kwa nini njia imepinda, alijibiwa kwamba haikupinda, inakwenda panapokwendwa.

Kosa langu lilikuwa kwenye kivuli. Mbele ya zahanati paliwekwa mabenchi ya kina mama wanaoleta watoto kupimwa, na mimi, kwa akili zangu timamu, nikachimba mashimo ya miti kando ya mabenchi. Alikuja akayafukia yote mbele ya mafundi. Nilitamani kumtupia koleo.

"Kivuli hakikai chini ya mti," alisema. "Kivuli kinatembea. Hawa wanakuja alfajiri, saa nne wameshaondoka. Saa tatu jua liko wapi?"

Nikamwonyesha, kule mashariki. Akahesabu hatua tisa kutoka kwenye mabenchi kuelekea kwenye jua, akachomeka mti mmoja huko peke yake kiwanjani, na wa pili hatua kadhaa pembeni. Watu walicheka. Miti ilionekana kama mbuzi waliosahauliwa. Lakini mijohoro hukua haraka, na mwaka wa tatu, saa tatu ya asubuhi, kivuli chake kililala juu ya mabenchi yale sawasawa, kina mama wakakaa humo bila kujua kuna mtu alikihesabu. Hilo lilimfurahisha sana. Alikuwa akipita pale kila wiki, anatazama, anaondoka bila hata kumsalimu mtu.

Kwa jumla aliotesha miti mitano katika zahanati ile. Kumbuka hesabu hiyo, maana ndiyo iliyoleta kasheshe.

Mwaka 1974 mvua zilitukimbia. Tukala ule unga wa njano tuliouita yanga, na huo nao kwa foleni. Serikali ikatangaza kilimo cha kufa na kupona: kila penye udongo papandwe chakula, nyumbani, shuleni, kando ya barabara. Sikulaumu mtu. Njaa si mchezo. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sadallah, aliyekuwa kuli wa bandarini ujana wake, alitakiwa aonyeshe mashamba na hakuwa na ardhi ya kuonyesha. Akakikodolea macho kiwanja cha zahanati. Akasema kilimwe chote, na miti ikatwe kwanza, mahindi hayapendi kivuli.

Habari ilitukuta kitaluni siku ya Jumatano ya Novemba. Kornelio alitupa bomba chini likiwa linatoa maji, akapanda baiskeli. Nilipofika kwa miguu, nikihema, nilimkuta anazunguka kiwanja akiwa na Mzee Sadallah na vijana wawili wenye mashoka, na Nesi Chausiku, msimamizi wa zahanati, amesimama barazani. Kina mama waliokuwa wamebaki kwenye mabenchi walikuwa wakisikiliza kila neno.

"Ndugu Kornelio," Mzee Sadallah alikuwa akisema, "mie sina ugomvi na wewe. Lakini watu hawali kivuli."

"Shikamoo mzee, nimekusikia. Lima. Sikukatazi kulima. Panda mahindi pale, pale na pale, jua lipo kutwa, nitakupimia mwenyewe mistari. Lakini miti uiache, kila mmoja una kazi. Nionyeshe hapa mti usio na kazi, nitaukata kwa mkono wangu."

"Kazi gani?"

Basi akaanza. Sijawahi kumsikia mtu akitetea kitu namna ile. Akamsimamisha mzee penye mijohoro miwili, akamwonyesha mabenchi na wale wanawake, akamwambia kabla ya miti hii wajawazito walikuwa wakianguka hapa kwa jua. Akamkokota hadi nyuma ya jengo penye mwarobaini, akamwekea kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi. Ndani ya ukuta ule palikuwa na chumba cha dawa, na jua la alasiri lingezioka. Akampeleka bondeni kwenye mkungu, akafukua udongo kwa vidole akamwonyesha mizizi iliyoshika ukingo wa mtaro, akamweleza kwamba mti huu ukitoka, masika moja tu, mtaro utakula shamba lote la mahindi anayoyataka. Alikuwa anasema haraka, anatembea haraka, jasho linamtoka, na Mzee Sadallah anamfuata akitikisa kichwa kwa kukubali. Vijana walikuwa wameshaweka mashoka chini. Mimi nilikuwa nimeanza kutabasamu.

"Minne hiyo nimeikubali," mzee akasema. "Na ule?"

Wa tano ulikuwa mkrismasi, kwenye kona ya jengo, mbele kabisa ya dirisha la wodi ya wazazi. Ulikuwa umeanza kutoa maua yake mekundu, mawili matatu. Kornelio akainama, akaanza kuokota majani makavu chini yake, moja moja.

Nani asiyejua alivyoidharau mikrismasi? Alisema ni mti wa kupigia picha. Unachanua mwezi mmoja, miezi kumi na mmoja unadondosha takataka, na mizizi yake inanyanyua sakafu. Kitaluni aliikataa wakubwa walipoiomba kwa ajili ya ofisi zao. Na huu aliupanda mwenyewe, hatua mbili kutoka ukutani, mahali ambapo angenifukuza kazi mimi kama ningethubutu.

Nilijua sababu. Desemba ya 1971 mkewe, Eufrazia, alijifungulia katika wodi ile mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia. Nesi Chausiku alifanya kila linalowezekana. Wakambatiza Anjelina, akaishi siku tatu. Hawakupata mwingine, kwa hiyo mtaa mzima wao peke yao hawakuwa Baba fulani wala Mama fulani, walikuwa Kornelio na Eufrazia tu. Siku ya mazishi Kornelio alishika jembe, akafukia bila kuinua macho, na sala haijaisha akawa ameshaondoka kwenda kazini. Wiki iliyofuata ndipo alipoupanda mti ule. Hakuniambia kitu na mimi sikuuliza. Nilikuwa nikiumwagilia zamu yangu ikifika, na nikiumwagilia zaidi ya mingine.

"Sema basi ni wa kivuli," Mzee Sadallah alimwambia, kwa upole. Nadhani alikuwa ameona uso wake. "Mie nitaandika kivuli, tumalize."

Yangeweza kwisha hapo. Neno moja tu, na mti unabaki. Nilimtazama kwa macho ya kumsukuma alitoe. Yeye alikuwa anatazama dirishani. Ndani, kitandani, palikuwa na mwanamke aliyejifungua usiku ule, amejaa jasho, anampepea mtoto wake kwa kadi ya kliniki. Dirisha lilikuwa wazi, lakini matawi yalikuwa yamelisonga kabisa na upepo wa baharini uliishia kwenye majani. Kornelio akageuka kumtazama Nesi Chausiku.

"Wodi ina joto?" akamuuliza.

"Ina joto, baba," nesi akasema. Alikuwa ameinamisha uso. "Tangu mwaka jana. Niliona vigumu kukwambia."

"Hauna kazi," Kornelio akamwambia balozi. "Unaziba upepo."

Akaokota shoka la kijana mmoja. Nilimshika mkono. Nilimwambia mbele za watu kwamba ni mjinga, kwamba kupunguza matawi kunatosha, kwamba hakuna aliyemlazimisha. Nilikuwa na hasira na nilikuwa nalia, na sijui kipi kilitangulia. Akanitoa mkono taratibu. Alisema matawi yatarudi, na mizizi imeshafika chini ya ukuta. Akakata. Hakupumzika hata mara moja mpaka mti ulipolala, na baada ya hapo akaanza kung'oa kisiki.

Sikungoja. Nilikwenda mbio hadi kwao, maana sikutaka Eufrazia asikie kwa watu wa foleni ya unga. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nilimweleza yote, nikajitayarisha kwa kilio. Akasema, "Keti, Tabu," akaendelea kumenya. Akaibandika mihogo jikoni, akanawa mikono. Nilidhani hajanielewa.

Kornelio aliingia bado ana udongo hadi viwikoni. Hakukaa. Alikwenda hadi kwenye ukuta wa makuti, akarudi, akaenda tena.

"Nimeukata," alisema.

"Tabu kaniambia."

"Ulikuwa unaziba upepo wa wodi."

"Najua. Nimelala kwenye kitanda kile siku tatu, upepo ule ulinisaidia." Eufrazia alikuwa akisema polepole, anakausha vidole kwa pindo la khanga. "Mie sikukuomba mti, Kornelio. Miaka mitatu, kila Jumapili, tukitoka kanisani wewe unakimbilia kwenye mti wako na mie naenda makaburini kumfagilia mwanangu. Nilikuwaga nakungoja uniulize naenda wapi."

Kornelio aliacha kutembea, akasimama. Nimemwona mtu yule katika mvua, katika ugomvi na wakubwa, katika homa ya malaria akipanda miche, na sikuwahi kumwona amesimama vile. Alijua kila mteremko wa Temeke, maji ya kila uwanja yanaelekea wapi. Akamuuliza mkewe, kwa sauti ambayo nilitamani nisingekuwepo kuisikia:

"Yuko upande gani?"

"Wa nyuma kule, karibu na michongoma. Jumapili nitakuonyesha."

"Jumapili mbali," Kornelio akasema.

Eufrazia akamtazama kidogo. Kisha akajifunga khanga ya pili, akachukua ufagio uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akampa aushike yeye. Wakatoka wote wawili bila kuaga, jua bado kali, na mimi nikabaki kuangalia chungu cha mihogo.