Uso wa Mtoto wa Jirani

Asubuhi ya zile mbio za hisani, za kuchangia utafiti wa saratani za watoto, nilisimama na binti yangu kando ya barabara pale Usagara, nikamtazama mtoto wa jirani yangu akipita vifuani mwa watu. Wanaume wenye vitambi wamemvaa, wasichana wa shule wamemvaa, hata muuza machungwa aliyetoka Muheza alfajiri naye kavishwa. Kila fulana iliyopita ilikuwa na picha yake, ikinichekea na pengo lile lile la meno ya mbele. Niliona wivu.

Maana binti yangu naye aliumwa. Ugonjwa ule ule, hospitali ile ile ya Dar es Salaam, wodi moja na yule mtoto. Wodi ilipojaa walilazwa kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Wote wawili walinyonyoka nywele, na wote wawili Mungu akawaponya. Tukarudi Nguvumali, kwao na kwetu ni nyumba ya tatu.

Waandaaji walikuja kwangu kwanza. Walitaka picha ya mtoto aliyepona, waiweke kwenye fulana. Nikakataa. Mimi nimelelewa kwamba mtoto akitoka kwenye ugonjwa hatangazwi. Unamficha na macho ya watu mpaka anenepe, asije akapigwa jicho. Mtaani nilisema alipungukiwa damu, basi. Nikamfunga mtandio mpaka kwenye nyusi, na nywele zilipoota sikuufungua. Waandaaji wakaenda nyumba ya tatu, na mama wa kule akakubali hapo hapo.

Tangu siku hiyo yule mtoto hapiti dukani bila kupewa peremende. Wangu anasimama nyuma yake, hakuna anayemwona. Mama yake naye, aliyekuwa akilia begani kwangu kule wodini, siku hizi anahojiwa redioni. Nilimsikiliza kidogo nikazima. Aliongea vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Wakimbiaji wa mwisho walipofika, mama huyo alinijia amemshika mwanawe mkono. Nilimsalimia kwa ncha za vidole. Akaniinamia sikioni.

“Mwenzangu, nimemtoa hadharani lakini roho yangu haijatulia. Watu wote hawa wanamtazama. Wewe unayejua tulikotoka, msemee mashallah.”

Katika mji mzima, kama kulikuwa na jicho baya juu ya mtoto yule siku ile, lilikuwa langu, na mama yake kaja kuniomba kinga mimi. Mashallah niliisema, ila ilitoka kwa kusukumwa.

Mpiga picha akafika. Watoto walikwisha kushikana mikono, wanacheka mambo yao. Akasema yule mwenye mtandio asogee kidogo, anamtaka wa kwenye fulana peke yake. Mwanangu hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliuachia mkono wa mwenziwe, akavuta mtandio mpaka kwenye nyusi kama nilivyomfundisha, akaja kusimama nyuma yangu.

Sijui nini kilinipata. Niliufungua ule mtandio mbele za watu, nikamrudisha alikotoka.

“Huyu naye alikuwa na saratani,” nilimwambia mpiga picha, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye meza ya maji. “Mpige na yeye.”

Picha ninayo ukutani. Yule mtoto yuko katikati, kama kawaida yake, na kusema kweli bado inaniuma. Mwanangu yuko pembeni, jua limempiga usoni, vinywele vyake vimesimama, na mkono wa mwenziwe ameung'ang'ania kwa mikono yote miwili, asije akaambiwa tena asogee.