Vidonge vya Daku

Mwanangu, siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, uani kwa wakwe zangu Kibaha, Ramadhani yangu ya kwanza ya ndoa, na mikono imekaza.

Enzi hizo za Mwingereza, mwali mpya ndiye aliyepika futari ya nyumba nzima, ndugu na majirani waonje mkono wake. Nami tangu usichana wangu kwetu Kisarawe nilikuwa na baridi yabisi. Vidole vinavimba, viungo vinakaza, kukunja ngumi ni kazi.

Bi Zainabu, mama wa mume wangu, na namtaja kwa jina, akasimama mlangoni.

"Mwali, nazi hiyo unaikuna au unaibembeleza?"

"Mikono inauma, mama."

"Inauma! Watu wa Kisarawe wametuuzia jembe bovu, mpini mzuri tu."

Mawifi wakacheka. Mume wangu Juma alikuwepo, akajitia kutengeneza baiskeli.

Nikaogopa kurudishwa kwetu. Nikaenda kwa Selemani muuza duka, akanifungia vidonge vya maumivu kwenye karatasi kama anafunga bizari. "Meza tu, dada, haviui." Naye namtaja.

Sasa mchana nimefunga, nitamezaje? Basi vidonge vya kutwa nzima nikawa navikusanya, navimeza vyote wakati wa daku kwa maji matupu, maana tumbo lilishaanza kuwaka na chakula hakipiti. Mikono ikafunguka kweli. Nikakuna nazi, nikasifiwa. Sifa ile, mwanangu, ilikuwa tamu kuliko futari yenyewe.

Bibi yangu mzaa mama akaja kunitazama. Alinishika mkono, akanitazama macho, akajua naumwa; nikamweleza habari ya vidonge.

"Mgonjwa Mungu kampa ruhusa ya kula. Wewe nani kakupa amri ya kufa? Kula, mjukuu wangu, ndipo umeze."

Alipoondoka nikamwomba Bi Zainabu ruhusa hiyo. Akajibu kwa sauti, majirani wasikie: "Nyumba yangu haifugi kobe!" Kobe ndiye yule anayekula mchana wa Ramadhani. Nikaendelea na vidonge vyangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nilivunjika tumbo.

Choo kikawa cheusi kama lami. Nikamweleza Bi Zainabu, kwa aibu.

"Ni uchafu wa vidonge huo, unatoka. Ndiyo kupona."

Nikaamini, kwa kuwa nilitaka kuamini. Kumbe ni damu. Haukupita muda nikaangukia palepale kwenye mbuzi, nikatapika, na nazi nyeupe yote ikawa nyekundu. Wakanibeba kwa kitanda hadi zahanati. Tabibu akasema vidonge vimenichimba vidonda tumboni, na ningechelewa kidogo tu wangenirudisha na sanda.

Nikapona, kama kuishi kwa uji ni kupona. Sikukuu ilipopita tu Juma akaniacha. Bi Zainabu hata nje hakutoka. Nilimwaga damu nisirudishwe, na nikarudishwa vilevile.

Bibi hakunisuta. Alinipokea sanduku, akanisogezea bakuli. "Kula kwanza," akasema. Ningelisikia neno hilo mara ya kwanza! Lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Basi wewe unayeamka vidole vimekaza, sikia. Dawa ya viungo usiipe tumbo tupu, wala usirundike ya kutwa ukaimeza mara moja. Tumbo likiwaka, choo kikibadilika rangi, kimbilia kwa tabibu, usimuulize mkweo. Ruhusa aliyokupa Mungu usiende kuiomba kwa binadamu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wale unaowafichia hawatakuja hata kukuaga.

Mungu akupe mikono inayofunguka na tumbo linalopokea. Akuweke katika nyumba ambayo ukisema "naumwa", yupo mtu atakayeinuka.