Geji ya Muema

Kwa miaka kumi na minne Munyiva alijaza na kupima mitungi ya kuzimia moto mjini Machakos, na kwa muda huo wote hakuna aliyewahi kumdanganya kuhusu geji, kile kipimo cha mshale kinachoonyesha presha iliyobaki mtungini. Shule zilimletea, hoteli zilimletea, hata machimbo ya mawe kule Lukenya. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliyeweza kumchekesha kazini alikuwa mmoja tu: Muema, mdogo wake, mwalimu wa hesabu.

Muema alikuwa na starehe moja. Kila mwisho wa mwezi alishuka Pwani na kikundi cha Festus, jirani yao wa kijijini Kathiani, wakazamia baharini na mitungi ya hewa mgongoni kusaka kamba mawe. "Mkamba asiyekula kamba amebeba jina la bure," alikuwa akimtania dada yake. Vifaa vilikuwa vya Festus. Mafunzo pia yalikuwa ya Festus, ya siku mbili tu.

Mwezi wa Februari Muema alirudishwa Kathiani ndani ya jeneza.

Siku ya mazishi Festus alishika kipaza sauti. Akaeleza kwamba kamba mawe hujificha kwenye mashimo ya mwamba, na kwamba Muema alipomwona mmoja mkubwa alipenyeza mkono hadi begani, akakataa kumwachia. "Nilimpa ishara tupande. Lakini tamaa, ndugu zangu, tamaa ilimshinda." Hewa ikamwishia, akafyatuka kwenda juu kutoka mita ishirini na mbili huku amebana pumzi, mapafu yakapasuka.

Hilo la mapafu daktari alikuwa ameliandika. Lakini Munyiva alimwona mama yake akiinamisha kichwa kama mtu aliyezaa mlafi, naye hakuyaamini maneno ya Festus. Muema alikulia katika karakana ya dada yake. Hangeweza kupuuza mshale wa geji, hata kwa kamba wa dhahabu.

Miezi miwili baadaye Festus alikuja dukani na barua. Alitaka familia itie sahihi kwamba ajali ilikuwa kosa la marehemu, ili kikundi kirudi kuzamia.

Munyiva alimkaribisha chai. Alipokuwa akimimina, macho yake yaliupitia mtungi wa naitrojeni uliokuwa pembeni, gesi isiyo na harufu, na akafikiri jinsi ilivyo rahisi kumjazia mtu hewa isiyo hewa. Aliliacha wazo hilo lipite. Kumuua Festus kimyakimya kungemwacha Muema mlafi milele.

"Nitaongea na mama," alisema kwa upole. "Lakini niletee vile vifaa alivyovaa. Tuwe na kitu cha kumkumbuka."

Festus, kwa furaha ya kudhani amesamehewa, alivileta kesho yake.

Munyiva alifunga mlango. Akaunganisha geji ya Muema na geji yake kwenye mtungi mmoja, akaachia hewa taratibu. Mishale yote miwili ikashuka: mia mbili. Mia. Sitini. Geji yake iliendelea kushuka hadi sufuri. Ya Muema ilikwama pale pale kwenye sitini. Alirudia mara tisa, na mara saba ilikwama. Basi kule chini, mkono shimoni, ndugu yake alitazama geji akaona bado ana hewa.

Hakumwambia mtu. Alingoja hadi Festus, akiwa na hakika ya kupata sahihi, alipoitisha mkutano wa kusajili wanachama wapya katika hoteli moja mjini. Akaketi nyuma, akamwacha amalize kuonyesha picha zake zote za baharini na vicheko vyake. Ndipo akapita mbele amebeba mtungi wenye geji mbili, akauweka mezani.

"Niko na swali kidogo. Geji hii ni yangu, na hii nyingine ndiyo aliyovaa ndugu yangu Muema siku aliyokufa," alisema, akafungua valvu.

Watu wakasogea. Hewa ikafoka, ikapungua, ikakatika. Mshale mmoja ukalala sufuri; ule wa Muema ukabaki sitini.

"Hiyo si kitu!" Festus aliruka. "Hiyo inashikanga tu kidogo. Ukiigonga inasonga!"

Munyiva alisubiri maneno hayo yamfikie kila mtu ukumbini.

"Kwa hivyo ulijua," alisema. "Na Muema, ulimwambia aigonge?"

Kijana aliyekuwa mstari wa mbele alivua fulana ya kikundi, akaiacha kitini, akatoka.

Polisi walioitwa ukumbini walichukua geji na majina ya mashahidi. Kikundi kilivunjika kabla ya mwezi kwisha. Festus alishtakiwa, na kesi ilipokaribia alimtuma mchungaji amwombee msamaha.

"Aje Kathiani kwanza," Munyiva alijibu. "Asimame pale pale aliposimama, aambie watu Muema alikufaje. Halafu tutaongea."

Festus alikuja, Jumapili, akiwa amekonda. Bila kipaza sauti, mbele ya kaburi na majirani, alisema geji ilikuwa mbovu na alijua. Alisema hakumpa Muema ishara yoyote. Yeye mwenyewe alikuwa mbali akisaka kamba wake. Mama aliinua kichwa, akamtazama, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu Februari.

"Sasa, dada," Festus alinong'ona, "umenisamehe?"

"Nilisema tutaongea," Munyiva alimjibu. "Sikusema nitasamehe. Tuonane kortini."

Na siku ya kesi alifunga duka mapema, akaenda kukaa benchi la kwanza, mahali ambapo Festus hangeweza kutomwona.