Maharage ya Posa Yangu

Maharage ya posa yangu yaligoma kuiva, na aliyeyagomesha ni shangazi. Sufuria ilikuwa imepikiwa dagaa wa Katonga, kwa hiyo tangu alfajiri akayakamulia ndimu, akaongeza na nyanya, eti wakwe wasisikie shombo. Jua likapanda, kuni zikateketea, maharage bado kokoto. Na wageni walikuwa njiani kutoka Rusimbi, mbele yao mama mkwe mtarajiwa, anayejulikana mji mzima kwa kususa chakula. Yule kijana nilimtaka, sifichi. Nikakaa juu ya kinu nikalia.

Jirani yetu wa chumba cha uani akatoka kuangalia kulikoni. Mwanamke huyo alikuwa amekimbia vita Burundi, na shangazi hakuwahi kumwita kwa jina wala kwa udugu. Alikuwa "yule" tu. Bei ya kuni ikipanda, kosa ni la "yule" na wenzake.

Akatafuna punje moja, akacheka. "Ndimu imeyafunga, dada. Humura, usiogope. Ninayo maji ya majivu."

Alikuwa amechoma maganda ya ndizi, akaloweka majivu yake na kuyachuja kwa kitambaa; akayaleta kwenye kikombe.

"Wakwe zangu wale majivu?" shangazi aling'aka.

Nikafuta machozi haraka. Shuleni tulifundishwa kwamba asidi, kama ya ndimu, hupozwa na besi, na maji ya majivu ni besi. Nikamweleza.

"Besi ndiyo nini? Hujaolewa, ushanishinda jikoni!"

Mwenye shida hachagui. Nikachukua kikombe cha jirani nikamimina.

"Kidogo, dada, kidogo! Yakizidi yatakuwa na ladha ya sabuni," jirani akanidaka mkono.

Povu likapanda mpaka ukingoni. Shangazi akaruka nyuma na kanga yake mkononi: "Mmeyaloga!" Nilicheka hadi mbavu zikauma, na povu likatulia lenyewe. Wageni walipopiga hodi, maharage yalikuwa yanapondeka kwa ulimi.

Mama mkwe akala, akaongeza, akalamba vidole. "Haya kayapika nani?"

Nikatazama mkeka. Shangazi alipenda sifa kuliko sukari, na jirani hakuwepo. Lakini shangazi akageukia mlango wa uani, akapaza sauti:

"Mdogo wangu! Njoo, wakwe zetu wanakuulizia."

Ikabidi aite tena, maana jirani hakujua kwamba anaitwa yeye.