Viko vya Bibi Ukutani

Harufu ya mbao ya msindano ikiungua hunirudisha Njombe, nyuma ya jiko letu, nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye hasira za mtu mzima.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi na kila mwenye akili alikuwa anauza kitu. Baba yangu aliuza mbao Makambako. Alituletea makochi ya sponji, kabati la vioo na amri mpya: viko vya mama yake visionekane sebuleni. Bibi alikuwa na viko vitatu vya udongo vya kuvutia tumbaku, vyenye mirija ya mwanzi, na alizoea kuviegemeza dirishani kando ya kiti chake. "Nikivikuta hapa tena navitia motoni," baba alimwambia mbele yangu, kana kwamba bibi ni mtoto mwenzangu. Bibi akavifunga kwenye kitenge, akahamia jikoni. Iliniuma, jamani.

Nikaokota kipande cha ubao kwenye mabaki ya baba. Kekee sikuwa nayo, basi nikapasha nondo jikoni nikatoboa matundu matatu ya kukalisha vichwa vya viko, na juu nikapigilia kijiti cha kuegemeza mirija. Ubao wa kwanza niliuharibu, tundu likawa pana mno, kiko kikapita chote. Nikaanza upya, vidole vimeungua. Bibi aliniangalia tu, akasema, "Wewe, tutafukuzwa wote wawili." Nikakipigilia kibao changu sebuleni, mkabala na makochi, kwa misumari ya inchi nne, nikavipanga viko vyote vitatu. Anayetaka kuvichoma aanze kwa kubomoa ukuta.

Jumapili baba akaja na mteja wake, mzee mmoja wa kanisa. Mgeni alipoketi tu, akaviona. Baba akanigeukia.

"Toa."

"Sitoi."

Sijui nililitoa wapi neno hilo. Nyumbani kwetu mtoto hakuwa nalo. Mgeni, labda akitaka kutupoza, akauliza ni vya nani. Bibi akatokea jikoni akijifuta mikono. "Vyangu, baba. Karibu sana." Akachukua kimoja, akaketi kwenye kochi jipya, akakiwasha. Jioni nilichapwa fimbo za kutosha, lakini kibao kilibaki ukutani.

Nilidhani baba anachukia moshi. Miaka mingi baadaye, kwenye msiba wa bibi, shangazi ndiye aliyenieleza: mbao za kwanza baba alizopeleka Makambako zilitoka kwenye shamba la miti alilolipanda bibi kwa mikono yake. Alimwachia mwanawe akate yote. Baba aliwaambia watu kwamba ameanza kwa jasho lake mwenyewe, na mgeni akipiga soga na bibi pale sebuleni angejua ukweli. Ndiyo maana alimtaka jikoni.

Baba alipougua, nilimuuguza mimi, nikamwogesha na kumlisha. Siku moja akaniambia nimwombe radhi kwa jeuri ile ya utotoni. Nikampangusa mdomo.

"Kunywa uji, baba," nikamwambia.