Paa la Nyumbani kwa Fundi Nyoosha

"Usimtwike marehemu waya zako!" alisema mama mkwe, akajiweka sawasawa kwenye kidato cha kwanza cha ngazi. "Mume wangu alikuwa anaogopa hata tochi. Akitaka kuiwasha ananiita mimi. Leo umfanye fundi wa sola?"

"Mama, kwa heshima zote," alijibu Fundi Nyoosha, "ni kama mkaguzi atauliza tu. Akiuliza nani alifunga paa hili, tunasema ni baba. Marehemu hawezi kuitwa kujieleza."

"Na mimi je? Si nipo?"

Ni kweli mama alikuwepo, tena ameikalia ngazi.

Mkaguzi alikuwa anakuja saa nne, kuona kama fundi anastahili leseni ya daraja la kwanza. Bila leseni ile asingeruhusiwa kufunga sola ya zahanati, kazi aliyoililia miaka mitatu. Kwenye fomu alikuwa ameandika akaguliwe kwenye paa la shule. Waya za paa lile alizinyoosha mpaka sisimizi waliopita juu yake walikuwa wanafika ng'ambo kabla hawajaondoka. Lakini wiki iliyopita shule ikabomolewa paa libadilishwe, na barua ikaja: basi tutakagua nyumbani kwako. Fundi hakula siku mbili.

Mji mzima ulimjua. Hakuacha waya ulalie bati, hata wa bibi kizee mwenye paneli moja na taa moja. Kila shubiri mbili kibanio, kila panapopita ukutani bomba la plastiki, na vifungo vya kubania waya ni vyeusi tu, kwa sababu vyeupe jua huvila vikakatika kama biskuti. Wanasema siku ya harusi yake shela la bibi harusi lilipeperuka, akalibana mahali kumi na mbili, vipimo sawa. Mpaka leo halijabanduka. Mkewe huenda nalo sokoni.

Ila paa lake mwenyewe, miaka minane nyuma, alilifunga kwa vifungo vyeupe. "Vya wiki moja tu," alimwambia mkewe, "nitavibadilisha." Wiki hiyo ilikuwa bado haijaisha.

"Mama, niachie ngazi. Saa tatu hii."

"Na jua limeshawaka. Si wewe unayewafokea watu kwamba paneli haizimwi, jua likiwepo na umeme upo? Unapandaje?"

"Swichi nimezima. Na paneli nitazifunika."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mablanketi yako, Mama."

Mama mkwe akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeomba kuazimwa meno. Kisha akainuka. "Chukua yale mazito. Na ukiwa huko juu angalia ule mfereji wa bati wa maji ya mvua. Kila nikiushika unaniuma."

"Tumeshaongea, Mama. Ni mishipa. Umri ukienda, mkono unakufa ganzi."

"Umri gani huo unaouma kwenye mfereji peke yake? Nikishika mlango, umri kimya. Nikishika sufuria, umri umelala."

Fundi alikwenda kuchukua mablanketi. Alivaa glavu za mpira akapanda.

Alizifunika paneli, akainama. Vifungo vilikuwa vimebaki viwili, na hivyo viwili vilikatika alipovitazama. Waya ulikuwa umejilaza kwenye bati siku zote hizo, upepo ukiusugua huku na huku. Pale penye ukingo ganda lilikuwa limelika lote. Shaba inang'aa nje, imeegemea mfereji. Chini yake hasa ilisimama ndoo ambamo mama mkwe huchota maji kila asubuhi, akiushika mfereji kwa mikono iliyolowa.

Mwezi mzima amekuwa akimwambia ni umri.

Fundi akakaa juu ya paa. Mfukoni alikuwa na vifungo vyeusi hamsini na kipande cha waya mpya. Kukata, kuunga, kubana, nusu saa inatosha na kubaki. Mkaguzi angeona paa safi, akapiga muhuri, akaenda zake.

Akashuka bila kubana hata kimoja.

"Mama, mfereji ulikuwa unauma kweli."

"Sema tena. Sikio hili nalo lina umri."

"Ulikuwa unauma. Ni waya wangu. Ungeweza kufa, Mama, na mimi ningesema ni mishipa."

Mama mkwe alikuwa amejiandaa kucheka, na kicheko chake husikika mitaa mitatu. Lakini mkwewe alimshika viganja, akavikagua kimoja kimoja, naye mama akakimeza kicheko.

"Basi sikiliza, baba," alisema polepole. "Nimefikiri. Marehemu hana leseni ya kunyang'anywa. Nitasema alifunga yeye, tena kwa ubishi, wewe ukimkataza. Nitalia kidogo. Mkaguzi hatauliza mara ya pili."

"Hapana, Mama."

"Zahanati je?"

"Wafunge wengine. Siwezi kwenda kufunga waya za wagonjwa wakati hapa nimemuacha mama yangu auawe na mfereji. Akifika nampandisha juu aione shaba kwa macho yake. Nitamwambia ni mimi mwenyewe, miaka minane iliyopita, niliye…"

Geti likasukumwa. Mkaguzi akaingia na kofia ngumu kichwani, faili kwapani.

"Habari za hapa? Ndipo kwa Fundi Nyoosha?"

"Ndipo," alisema Fundi, akamshikia ngazi. "Panda uone shaba yangu."