Ng'ombe Aliyeandikwa NG'OMBE

Tusifichane: Gustave hakujua kuchora. Macho Mungu alimpa, mikono alimpa, lakini kati ya jicho na mkono kuna kitu kilisahaulika. Hata hivyo alikuwa mchoraji, tena mwenye wateja mtaa mzima wa Mbunya, kwa sababu alikuwa na dawa yake: maandishi. Kwenye ukuta wa duka la nyama alichora ng'ombe. Watu wakapita wakimsifia mbuzi. Akaandika chini yake NG'OMBE, kwa herufi kubwa kuliko mnyama mwenyewe, na ubishi ukaisha. Samaki naye akaandikwa SAMAKI. Siku moja alijichora mwenyewe mlangoni kwake, na ikabidi aandike GUSTAVE, maana mkewe Bijou aliuliza huyo mgeni ni nani. Alijicheka kabla watu hawajamcheka, na maisha yakaenda.

Basi akaja Mama Émilienne, mjane aliyekimbia vita kutoka kijiji cha Fataki. Asubuhi vita vilipofika, mumewe Osée alikwenda shamba, hakurudi. Nyumba nayo iliungua na picha zote. Mama alileta kipande cha mbao.

"Unichorie bwana yangu," alisema. "Sura yake inaanza kunipotea."

"Hakuna shida, mama. Na jina lake nitaliandika muzuri kabisa."

"Jina ya nini? Miye sijuwe kusoma. Nataka nimuone."

Lo! Gustave akajiona amevuliwa nguo sokoni. Alichora hivyo hivyo.

"Huyu ni padri," mama alisema.

Akafuta, akachora tena.

"Huyu njo weye mwenyewe, baba."

Akachora mara ya tatu. Machozi yalimtoka mama, na hayakuwa ya furaha. Hapo mzaha wote ukamwishia Gustave. Aliona aibu, aibu ya kweli, akatamani angekuwa fundi viatu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "miye naogopa sura za watu. Uniambie tu, asubui alikuwa anaendaka namna gani ku shamba?"

"Jembe ku bega ya kushoto. Patalo, muguu moja amekunja mpaka ku goti, ingine ameacha tu. Kila siku namuambia, kila siku hasikie."

Basi mwoga wetu akamchora Osée kwa nyuma, anakwenda zake. Pua hakuna, macho hakuna: mgongo tu, jembe, na suruali iliyokunjwa mguu mmoja. Alipomaliza, mazoea yakamshika. Akachovya brashi ndogo kwenye rangi nyeusi, tayari kuandika OSÉE.

Mama Émilienne akaisogelea mbao, akagusa ule mguu uliokunjwa.

"Ile patalo, Osée," alisema. "Na si uliniambia utarudi kula?"

Gustave akafunika kopo la rangi polepole, akatoka nje kuosha brashi ambayo haikuandika kitu.